Gari la juu kwa familia yenye bajeti ndogo: bei ya kwenye simu siyo bei ya kulipa

Chukulia baba na mama wa Goba, jijini Dar es Salaam, wenye watoto watatu na Toyota IST moja. Mkubwa yuko darasa la sita na magoti yake yameshaanza kugusa kiti cha mbele. Wa kati yuko darasa la pili. Wa mwisho ana miaka miwili na nusu, na kiti chake cha gari kikishafungwa nyuma, wenzake wawili wanabanana kwenye nafasi iliyobaki kama abiria wa daladala ya asubuhi. Mvua za masika zikianza, IST inakwangua tumbo kwenye makorongo ya njia ya nyumbani, na kila baada ya wiki chache fundi anaitwa.

Ijumaa usiku watoto wakiwa wamelala, baba anampa mama simu. "Mama watoto, hebu tazama hii."

Ni Toyota Vanguard nyeusi ya mwaka 2010, viti saba, injini ya cc 2,362. Muuzaji wa Japan ameandika bei inayofika bandari ya Dar es Salaam: tuseme sawa na Sh15 milioni. Familia ina Sh32 milioni, pamoja na fedha watakazopata wakiuza IST. Baba ameshamaliza hesabu kichwani. Gari milioni 15, ushuru milioni tano au sita, inabaki ya kuezeka banda la uani.

Mama anauliza jambo moja tu: "Ushuru wake umeuliza, au umekisia?"

Swali hilo, kwa familia nyingi, huulizwa gari likiwa tayari bandarini. Hapo kila siku ya kuchelewa ina gharama yake, na ndipo watu hukopa kwa haraka, huuza kiwanja au hugusa ada za Januari.

Hesabu inayobadilisha kila kitu

Kwa gari dogo la abiria linaloingia Tanzania, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi, kuanzia hapo mpaka cc 2,000 ni asilimia 5, na inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka minane mpaka 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Mwisho inakuja VAT ya asilimia 18, nayo haitozwi kwenye bei ya gari peke yake bali kwenye jumla ya vyote vilivyotangulia.

Sasa turudi kwa Vanguard. Thamani milioni 15. Ushuru wa forodha Sh3.75 milioni, tumefika Sh18.75 milioni. Injini imezidi cc 2,000 na umri umezidi miaka 10, kwa hiyo asilimia 10 na asilimia 30 zinaingia kwa pamoja: Sh7.5 milioni. Tuko Sh26.25 milioni. VAT Sh4.725 milioni. Jumla ni Sh30,975,000.

Yaani kodi peke yake imezidi bei ya gari lenyewe. Na hapo bado tozo nyingine ndogo za forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala, usajili na namba.

Mama wa Goba anachukua kalamu na kujaribu gari lingine: SUV ya cc 1,997 yenye umri wa miaka saba, thamani milioni 20. Ni ghali zaidi kwa milioni tano kule Japan, na ndiyo maana baba aliipita bila kuitazama mara mbili. Forodha milioni tano, tumefika 25. Asilimia 5 ya injini ni Sh1.25 milioni. Uchakavu hakuna. VAT Sh4.725 milioni. Jumla: Sh30,975,000.

Shilingi kwa shilingi, sawasawa na ile Vanguard.

Anaendelea. SUV ndogo ya injini isiyofika cc 1,000, yenye umri chini ya miaka minane, inaweza kuwa na thamani ya milioni 21 huko nje na bado ikaishia kwenye jumla ileile. Baba anakaa kimya. Kwa fedha zilezile, familia inaweza kuchagua kati ya gari lililotembea zaidi ya miaka 10 na gari ambalo bado lina nusu ya maisha yake mbele.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuifurahia hesabu hii. La kwanza, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na ina kikokotoo kwenye tovuti yake ambapo mtu huchagua aina ya gari, mwaka na injini kisha akaona makadirio ya kodi. Ukipata gari kwa bei ya kutupa, usitarajie kodi nayo itakuwa ya kutupa, kwa sababu mamlaka inaweza kutumia thamani iliyo kwenye orodha yake. La pili, viwango hivi hupangwa upya kwenye bajeti ya serikali ya kila mwaka, hivyo anayeagiza karibu na Julai afungue kikokotoo hicho tena kabla ya kulipa.

Umri nao una mtego wake. Unahesabiwa kutoka mwaka gari lilipotengenezwa, na si mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza Japan, ambao wakati mwingine ni mwaka unaofuata. Meli nayo inachukua wiki kadhaa. Gari lililo ukingoni mwa miaka minane, likilipiwa Novemba, linaweza kufika Januari likiwa limeshavuka kwenda upande wa asilimia 15. Majirani zetu wa Kenya wao hawana mjadala huo, kwa kuwa gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kabisa kuingizwa.

"Mpya" ya nani?

Mjini, mtu akisema amenunua gari jipya, mara nyingi anamaanisha kwamba halijawahi kutembea Tanzania. Ana namba E, nailoni bado zipo kwenye viti, na harufu ni ya dukani. Lakini herufi za kwenye namba zinaeleza lini gari lilisajiliwa hapa. Haziseme lilizaliwa lini. Gari la 2009 lililosajiliwa mwaka jana lina namba mpya na shokapu za 2009.

Upo upya mwingine wa kweli, wa gari lililotoka kiwandani. Miaka ya karibuni SUV ndogo mpya zinazotengenezwa India zimeanza kuonekana kwa wauzaji rasmi, baadhi zikiwa na nembo ya Suzuki na nyingine zilezile zikiwa na nembo ya Toyota, pamoja na za China ambazo zinaongezeka kila msimu. Bei yake humtisha mwenye milioni 32, na kwa wengi mjadala unaishia hapo. Lakini kwa familia inayokaribia kiwango hicho si dhambi kuingia dukani na kuuliza maswali manne: je, bei hii ina kodi na usajili ndani yake? Dhamana ni ya miaka mingapi au kilomita ngapi? Matengenezo ya dhamana yanafanyika mkoa gani? Na vioo, taa na bampa, vitu ambavyo dhamana haigusi, vinapatikana hapa au vinaagizwa?

Swali la mwisho ndilo watu husahau. Gari la miaka mingi mitaani lina faida moja kubwa: spea zake zimejaa Gerezani na Kariakoo, mpya na za mtumba, na fundi wa mtaani analijua kwa kufumba macho. Gari geni linaweza kulala gereji wiki sita likisubiri taa ya mbele.

Viti saba, au vitano na nusu?

Baba anang'ang'ania viti saba kwa sababu ya bibi. Mama mkwe anakuja kutoka Moshi mara mbili kwa mwaka, na Desemba familia nzima inakwenda kwake, safari ya zaidi ya kilomita 500.

Hoja yake ina uzito. Lakini kwenye SUV za daraja hili, kama Vanguard, X-Trail na Outlander, mstari wa tatu ni wa kukunjua kutoka kwenye sakafu ya buti. Mtoto wa darasa la pili anakaa. Bibi wa miaka 65 hakai hapo mpaka Moshi, na hata kupanda kwenyewe ni kazi. Tena viti hivyo vikiinuliwa, buti inabaki na upana wa kuweka mkate na madaftari. Mabegi ya watu saba ya wiki mbili yanakwenda wapi? Juu ya paa, au kwenye basi.

Kama kweli watu saba wanasafiri kila wiki, SUV ya bajeti si jibu; Noah ni jibu, hata kama haina sifa kwenye picha. Kama ni mara mbili kwa mwaka, SUV ya viti vitano pamoja na tiketi mbili za basi kila Desemba ni nafuu kuliko kubeba viti viwili vya ziada mwaka mzima.

Kipimo kizuri cha nafasi ni kiti cha mtoto wenu. Nenda nacho yadi. Kifunge kiti cha nyuma, waketi watoto wengine wawili kando yake, funga mikanda yote mitatu, kisha funga milango. Wauzaji wamezoea wateja wanaopiga teke matairi na kuwasha redio. Mteja aliyekuja na watoto watatu na kiti huwashangaza kidogo, lakini atajua ndani ya dakika tano kile ambacho picha 30 za mtandaoni hazisemi. Angalia pia kama mkanda wa katikati ni wa kupita begani au wa kiunoni tu, na kama kuna zile ndoano za chuma za ISOFIX kwenye maungio ya kiti, ambazo hushika kiti cha mtoto bila kutegemea mkanda.

Fedha za kila mwezi

Bei ya kununua hulipwa mara moja. Mafuta hulipwa mpaka siku utakapoliuza. Goba mpaka katikati ya jiji na kurudi, pamoja na mzunguko wa shule, ni rahisi kufika kilomita 50 kwa siku. Kwa siku 25 ni kilomita 1,250 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita nane kwa lita, jambo la kawaida kwa injini kubwa kwenye foleni, litataka lita 156. Linalokwenda kilomita 12 litataka lita 104. Tukichukua Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (bei halisi hutangazwa na EWURA kila mwezi), tofauti ni takriban Sh156,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu Sh1.9 milioni. Kuna shule ambazo hiyo ni ada ya muhula.

Ongeza tairi. SUV yenye rimu ya 18 inapendeza, lakini siku ya kubadilisha tairi nne mwenye rimu ya 16 au 17 atalipa kidogo na kuzipata duka lolote. Ongeza bima kubwa, ambayo huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari kila mwaka. Wapo wanaonunua gari la milioni 30 kisha, kwa kuwa fedha zimekwisha, wanalikatia bima ndogo inayomlipa mtu mwingine tu. Likiibwa au likipinduka, familia inarudi kwenye daladala na deni la Saccos juu.

Kuhusu kuvuta magurudumu yote manne, ukweli ni kwamba kwa njia nyingi za Goba, Mbezi au Chanika kinachohitajika ni tumbo kuwa juu na tairi nzuri. Mfumo wa magurudumu manne huongeza uzito, hula mafuta zaidi na huongeza vitu vya kuharibika. Anayelima Kilosa au anayeishi mlimani Lushoto ana hesabu nyingine.

Majina yanayotajwa sana

X-Trail na Dualis za cc 1,997 ziko upande mzuri wa mstari wa cc 2,000, na X-Trail ina buti kubwa. Tatizo lake hutokana zaidi na matunzo kuliko gari. Gia boksi yake ni ya CVT na inataka oili yake maalumu; fundi akimimina oili ya kawaida ya gari la otomatiki, gia boksi inaanza kulia, kisha inakufa. Kabla ya kununua iliyokwishatumika hapa nchini, uliza oili ya gia ilibadilishwa lini na ni ipi.

Mazda CX-5 ya petroli ya lita mbili ni gari zuri la familia. Ile ya dizeli ina injini ya cc 2,188, kwa hiyo inaangukia kwenye asilimia 10, na ina chujio la moshi linalohitaji safari ndefu za mwendo kasi ili lijisafishe. Kwa mama anayeendesha kilomita nne mpaka shuleni na kurudi kwenye foleni, chujio hilo litaziba. Subaru Forester inashika barabara vizuri, ila isiyo na tabo ndiyo ya bajeti.

Kwa wenye watoto wawili, Toyota Raize iliyoanza kuuzwa Japan mwishoni mwa 2019 inastahili kutazamwa. Ile yenye injini ya tabo ina cc 996, ushuru wa injini ni sifuri, na ni fupi kiasi cha kuegeshwa popote Kariakoo. Kwa watoto watatu, nyuma ni pa kubanana. Mama wa Goba anaifuta kwa huzuni.

RAV4, Vanguard na Harrier za cc 2,362 zinabaki kupendwa kwa sababu zinavumilia na zinauzika. Anayenunua iliyokwishalipiwa ushuru na kutumiwa na mtu mmoja hapa nchini anaweza kupata bei nzuri. Hapo kinachotakiwa ni kadi halisi yenye jina la muuzaji, uhakika kwamba haidaiwi na benki, na kuangalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kulipa hata senti.

Karatasi ya mnada na mfuko wa hewa

Magari mengi ya Japan hupita mnadani, na kila moja hupewa karatasi yenye alama ya hali yake, kilomita zake na mchoro wa mikwaruzo. Alama ya 4 ni gari zuri. R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Muulize muuzaji karatasi hiyo, ulinganishe kilomita zilizoandikwa na zile za dashibodi. Pedali zilizolika na usukani uliong'aa haviendani na gari la kilomita 60,000.

Kuna ukaguzi mmoja ambao wazazi wachache wanaujua. Magari mengi ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, ya karibu kila kampuni ya Japan, yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kifaa chake cha kulipua kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa waliomo. Ndiyo sababu ya mwito mkubwa kuliko wote wa kurudisha magari katika historia ya viwanda hivyo, na joto pamoja na unyevu, yaani hali ya hewa ya Pwani yetu, huzidisha hatari. Gari lililouzwa nje kabla ya kurekebishwa linaweza kuwa barabarani hapa hadi leo. Kampuni zenyewe zina kurasa ambapo mtu huingiza namba ya chesisi na kuona kama kazi ilifanyika. Ni dakika mbili, na ni bure.

Na hata mfuko wa hewa ukiwa mzima, kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe kiti cha mbele wakati mfuko huo unafanya kazi.

Milioni tano zisizoguswa

Siku ya Jumapili mama wa Goba anaandika kwenye daftari: milioni 32, toa tano. Hizo tano ni bima kubwa, tairi nne, matengenezo ya kwanza na ada ya Januari, na hazizungumziki. Zinabaki 27. Ukitenga gharama za bandari, wakala na usajili, gari la cc 2,000 lenye umri chini ya miaka minane linalowafaa ni lile lenye thamani isiyozidi milioni 16 hivi likifika Dar.

Wanatafuta wiki mbili. Kwa bei hiyo wanaona X-Trail mbili zenye kilomita zaidi ya 100,000 na moja yenye alama ya R. Baba anataka kuchukua moja ya zile mbili. Mama anataka wasubiri mpaka Mei, waongeze milioni tatu kwa kuweka akiba ya kila mwezi, na kwa sasa IST ifungwe springi za kuinua tumbo kabla ya mvua.

"Na Moshi Desemba?" baba anauliza.

"Basi," anajibu mama. "Mbona tulikwenda nalo mwaka ule nina mimba ya huyu mdogo?"

Jumatatu asubuhi baba anampigia wakala wa forodha na kumwomba amwandikie kila gharama, moja moja, kwa gari la cc 1,997 la mwaka ambao hautakuwa umevuka miaka minane mwezi Juni.